Masafa, Namba za Chaneli na Uchaguzi wa Antena: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata zamu ikafika Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Tangu hapo familia nyingi nchini Tanzania zimejifunza msamiati mpya: king'amuzi, dijitali, kifurushi. Hata hivyo, kifaa kimoja kimebaki bila kufafanuliwa vya kutosha, nacho ni antena. Madukani huuzwa kwa majina ya kuvutia, kama vile "antena ya dijitali", "antena ya HD" au "antena ya kilometa mia". Mzazi mwenye kipato kidogo hutoa fedha yake na kununua. Picha ikigoma, huambiwa anunue kubwa zaidi. Ikigoma tena, huambiwa aongeze busta. Mwishowe fedha ya daftari za watoto imekwisha, na kioo bado ni cheusi.

Jambo hili si dogo. Kwa mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani, televisheni ndiyo inayomletea Misa ya Jumapili. Kwa mkulima huleta utabiri wa hali ya hewa, na kwa raia huleta habari za nchi yake. Anayekosa matangazo yanayorushwa bure, kwa sababu tu ya antena isiyofaa au iliyoelekezwa vibaya, amekosa kitu ambacho hakuna aliyemnyima.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: antena haijui analojia wala dijitali. Antena ni kipande cha chuma kinachopokea mawimbi. Inachojali ni masafa ya mawimbi hayo, upande yanakotoka, mkao yanaosafiri nao, na vikwazo vilivyo njiani. Anayeyafahamu mambo hayo manne atanunua mara moja, na pengine atagundua kwamba antena yake ya zamani juu ya bati bado inatosha.

1. Masafa ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida neno "masafa" lina maana ya umbali kutoka mahali hadi mahali. Katika fani ya utangazaji limepewa maana nyingine: idadi ya mitetemo ambayo wimbi hufanya kwa sekunde moja. Kipimo chake ni hezi. Mitetemo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja, kwa kifupi MHz. Wasikilizaji wa redio wamekwisha kulizoea jambo hili, kwa maana wanapotafuta stesheni ya FM katika 90 au 100 wanachagua masafa kwa megahezi.

Televisheni ya antena hutumia mafungu mawili ya masafa. Fungu la kwanza, liitwalo VHF, liko kati ya MHz 174 na 230. Fungu la pili, liitwalo UHF, linaanzia MHz 470 kwenda juu. Matangazo ya dijitali tunayoyapokea kwa antena husafiri zaidi katika fungu hili la pili.

Kila wimbi lina urefu wake, na urefu huo hupungua kadiri masafa yanavyoongezeka. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 300 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa meta. Wimbi la MHz 474 lina urefu wa takribani sentimeta 63. Lile la MHz 690 lina sentimeta 43 na kitu. Tutairudia hesabu hii hapo mbele, kwa kuwa ndiyo inayoamua ukubwa wa antena.

2. Nani aliyeyagawa?

Mawimbi hayatambui mipaka ya nchi. Mnara uliopo Namanga husikika Kenya na Tanzania pia, na mawimbi ya Bukoba huvuka maji kuelekea Uganda. Kama kila nchi ingechagua masafa kwa hiari yake, jirani angemwingilia jirani na wote wawili wangekosa picha. Kwa sababu hiyo masafa hupangwa kwa makubaliano ya mataifa, chini ya Shirika la Mawasiliano ya Simu Duniani, ITU.

Bara la Afrika lilikuwa na mpango wake wa masafa ya televisheni uliokubaliwa Geneva mwaka 1989. Mwaka 2006 mataifa ya Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia yalikutana tena katika mji huohuo na kukubaliana juu ya mpango mpya wa matangazo ya dijitali. Makubaliano hayo yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika UHF. Tanzania haikusubiri tarehe hiyo. Ilianza mapema zaidi kuliko majirani zake, na Nairobi ilizima mitambo yake ya analojia Februari 2015, baada ya mvutano mrefu kati ya serikali na vituo vya televisheni. Nchini Tanzania msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Kwa nini mataifa yalifanya haraka namna hiyo? Sababu kubwa ni kwamba masafa ni mali yenye kikomo, kama ardhi na maji. Katika mfumo wa analojia kituo kimoja kilihitaji kipande kizima cha masafa. Katika mfumo wa dijitali kipande hichohicho huweza kubeba vituo kumi, ishirini na hata zaidi. Nafasi iliyobaki wazi imepewa mitandao ya simu na intaneti. Kwanza yaliondolewa masafa ya MHz 790 hadi 862. Baadaye yakafuata yale ya MHz 694 hadi 790. Sehemu ya UHF iliyobaki kwa televisheni katika mpango huo ni MHz 470 hadi 694. Tarakimu hizi mbili zifaa kukumbukwa na kila anayekwenda dukani kutafuta antena.

3. Neno "chaneli" lina maana tatu

Mkanganyiko mwingi hutokana na neno hili moja kutumika kwa mambo matatu yaliyo tofauti.

Maana ya kwanza ni kituo chenyewe: TBC, ITV, Star TV na vinginevyo. Mtu akisema "chaneli ninayoipenda", anakusudia hicho.

Maana ya pili ni namba unayobonyeza kwenye rimoti. Namba hii hupangwa na mwenye king'amuzi. Ni kama namba ya ukurasa katika kitabu. Huonyesha mahali pa kukipata kituo, lakini haisemi lolote kuhusu masafa. Ndiyo maana kituo kimoja huweza kuwa na namba moja katika king'amuzi cha kampuni hii, na namba nyingine katika king'amuzi cha kampuni ile.

Maana ya tatu ndiyo inayoihusu antena: kipande cha masafa. Fungu la UHF limekatwa vipande vyenye upana wa MHz 8 kila kimoja, na kila kipande kimepewa namba. Chaneli ya 21 ni MHz 470 hadi 478. Chaneli ya 22 ni MHz 478 hadi 486, na kuendelea hivyo hadi chaneli ya 48, inayokoma kwenye MHz 694. Ukitaka kujua kitovu cha chaneli yoyote ya UHF, zidisha namba yake kwa 8 kisha ongeza 306. Kwa mfano, chaneli ya 21 ni 21 mara 8, yaani 168. Ukiongeza 306 unapata MHz 474. Chaneli ya 48 ni 384 ukiongeza 306, yaani MHz 690. Hesabu hii humsaidia sana mtu ambaye king'amuzi chake kinamtaka aandike masafa, ilhali fundi amempa namba ya chaneli tu.

Ifahamike pia kwamba namba hizi si za dunia nzima. Huko Marekani vipande vina upana wa MHz 6, na chaneli yao ya 21 ni MHz 512 hadi 518, mbali kabisa na yetu. Tena mfumo wao wa dijitali ni mwingine. Sisi hutumia ule uliobuniwa Ulaya, uitwao DVB-T, na toleo lake la pili DVB-T2. Kwa hiyo televisheni iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani, hata ikiwa mpya na ya gharama kubwa, haiwezi yenyewe kupokea matangazo ya antena ya hapa. Itahitaji king'amuzi, na mara nyingi kifaa cha kubadili umeme pia, kwa sababu umeme wa nyumbani kule ni volti 120 na wa kwetu ni 230. Vivyo hivyo, king'amuzi cha zamani cha DVB-T hakiwezi kusoma matangazo ya DVB-T2, hata kikiunganishwa na antena bora kuliko zote.

Katika kipande kimoja cha masafa vituo vingi husafiri pamoja, kama abiria ndani ya basi moja. Basi likifika, wote wamefika. Likikwama, wote wamekwama. Mfano huu tutauhitaji tutakapojifunza kutambua chanzo cha hitilafu.

4. Rula husema kuliko tangazo

Antena hupokea vizuri pale urefu wa vipande vyake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Tukirudi kwenye hesabu ya mwanzo, nusu ya wimbi la chaneli ya 21 ni takribani sentimeta 32, na nusu ya wimbi la chaneli ya 48 ni takribani sentimeta 22. Kwa upande wa VHF, wimbi la MHz 177 lina nusu yenye urefu wa karibu sentimeta 85.

Hivyo basi, kabla ya kuitupa antena ya zamani, au kabla ya kulipia mpya, chukua rula na upime vile vipande vya chuma vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Vikiwa na sentimeta 18 hadi 34 hivi, hiyo ni antena ya UHF, nayo itapokea matangazo ya dijitali hata kama ilinunuliwa enzi za analojia. Vikiwa vya sentimeta 70 hadi 90, hiyo ni ya VHF, na haifai kwa UHF. Zipo pia zenye vipande virefu na vifupi kwa pamoja, zilizokusudiwa mafungu yote mawili.

Muundo huu wa mifupa ya samaki ulibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920, nao bado haujapitwa na wakati. Kipande kimoja tu ndicho kilichounganishwa na kebo. Kile kirefu kilicho nyuma yake hurudisha mawimbi mbele kama kioo, na vile vifupi vilivyo mbele huyaongoza kuelekea ndani. Kadiri vipande vya mbele vinavyokuwa vingi, ndivyo antena inavyosikia zaidi upande mmoja na kupuuza pande nyingine. Nguvu ya ziada inayopatikana hupimwa kwa desibeli: desibeli 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili, na desibeli 10 ni mara kumi.

Neno "dijitali" kwenye boksi halibadilishi lolote kati ya hayo.

5. Maswali manne ya kujiuliza

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoa fedha, tafuta majibu ya maswali haya kwa mtoa huduma wa king'amuzi chako, kwa fundi mwaminifu, au kwa jirani ambaye picha yake ni safi.

Swali la kwanza: Mnara uko upande gani? Antena ya mifupa ya samaki huelekezwa mnarani kwa ncha yenye vipande vifupi. Wengi huigeuza kinyume, wakidhani kipande kikubwa cha nyuma ndicho kinachopokea. Ikiwa eneo lako lina minara miwili iliyo pande tofauti, fahamu kwamba antena moja yenye nguvu huenda isiitazame yote miwili. Chagua ule unaobeba vituo unavyovihitaji.

Swali la pili: Mnara huo unatumia chaneli zipi? Ukijua namba zake, utajua kama antena inazifikia. Antena inayoandikwa kuwa ni ya MHz 470 hadi 694 inatosha kwa UHF yote ya televisheni. Ile ya MHz 470 hadi 862 hufanya kazi pia, ila hupokea na mawimbi ya simu yaliyo juu ya 694. Ikiwa nyumba iko karibu na mnara wa simu, jambo hilo huweza kuleta usumbufu.

Swali la tatu: Mawimbi yanasafiri kwa ulalo au kwa wima? Minara mingine hurusha mawimbi yanayotetema kwa ulalo, mingine kwa wima. Vipande vya antena havina budi kufuata mkao huohuo. Antena iliyolazwa ilhali mawimbi ni ya wima hupoteza sehemu kubwa sana ya nguvu, hata kama imeelekezwa upande sahihi. Hapa dawa haigharimu senti moja: izungushe antena kwa robo mzunguko, kisha utazame kama ubora umepanda.

Swali la nne: Kuna umbali gani, na kuna nini katikati? Mawimbi ya UHF husafiri karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Umbali yanaoweza kufika kwenye nchi tambarare hukadiriwa hivi: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa meta, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilometa. Mnara wa meta 100 na antena ya meta 4 hutoa takribani kilometa 49. Ukiipandisha antena hadi meta 9, unapata kama kilometa 54. Mnara uliosimama mahali palipoinuka kwa meta 400 juu ya nchi inayouzunguka huweza kufikia kilometa 90. Kwa sababu hiyo minara hujengwa vilimani. Na kwa sababu hiyohiyo, boksi linaloahidi "kilometa mia" haliwezi kutimiza ahadi hiyo mahali popote. Ahadi hiyo huamuliwa na mnara na nchi iliyo katikati.

Milima hukata kabisa. Mnara uliosimikwa upande wa Morogoro mjini hautarajiwi kumfikia kwa urahisi mkazi wa Matombo, kwa kuwa Milima ya Uluguru imesimama kati yao. Vikwazo vidogo navyo vina uzito wake. Mwembe wenye majani mengi, hasa yakiwa yamelowa mvua, hunyonya mawimbi. Mabati ya paa huyazuia na kuyarudisha, hivyo antena ya ndani iliyowekwa chini ya bati imefungiwa gizani. Kuipandisha antena meta mbili juu ya paa mara nyingi kuna faida kuliko kununua nyingine kubwa zaidi.

6. Antena ipi kwa nyumba ipi?

Tukiyaunganisha majibu hayo, uchaguzi unakuwa rahisi.

Anayekaa karibu na mnara, akiuona kwa macho au akiwa kilometa chache tu kutoka kwake, antena ndogo ya ndani iliyowekwa dirishani inamtosha. Hata waya mbili za shaba, kila moja yenye urefu wa takribani sentimeta 12, zikinyooshwa kwa mstari mmoja na kuunganishwa moja na waya wa ndani wa kebo, nyingine na wavu wake wa nje, huweza kumpa picha kamili. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitengeneza kama zoezi la fizikia.

Anayekaa katika umbali wa kati ahitaji antena ya nje yenye vipande kumi hadi kumi na tano, juu ya paa, ikiwa imeelekezwa vema. Hili ndilo chaguo linalofaa kwa familia zilizo nyingi.

Anayekaa pembezoni mwa eneo la matangazo ahitaji antena ndefu yenye vipande vingi na mlingoti mrefu, na hapo ndipo busta huweza kuwa na maana.

Anayekaa nyuma ya mlima, au mbali kupita upeo wa mnara, asipoteze fedha kwa antena. Kwake njia ya kweli ni dishi, linalopokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti iliyo takribani kilometa 36,000 juu ya ikweta. Lakini azingatie kwamba king'amuzi cha antena na king'amuzi cha dishi kwa kawaida ni vifaa viwili tofauti. Aulize kabla ya kununua, maana kosa hili hutokea mara kwa mara.

7. Kebo na busta

Antena nzuri huweza kuharibiwa na kebo mbaya. Tumia kebo ya televisheni yenye ukinzani wa omu 75, isiyo ndefu kuliko inavyohitajika. Katika masafa ya UHF, kebo iliyo nzuri hupoteza karibu desibeli 2 kwa kila meta 10. Ile nyembamba ya bei ya chini hupoteza zaidi. Kwenye maungio, hakikisha waya wa ndani haugusani na wavu wa nje, na funika maungio yaliyo nje ili maji ya mvua yasiingie. Kebo iliyonyweshwa maji haifai tena, hata ikikauka kwa nje.

Kuhusu busta, kanuni ni hii: busta haiwezi kukuza kisichofika. Hupandisha mawimbi pamoja na makelele yake yote. Kazi yake halisi ni kufidia kinachopotea ndani ya kebo ndefu, au pale antena moja inapogawiwa televisheni kadhaa. Kwa hiyo mahali pake ni karibu na antena, kabla ya kebo kuanza kupoteza nguvu. Aliye karibu na mnara akiiweka, huweza kuizidisha nguvu hadi king'amuzi kikashindwa kusoma kabisa. Wapo walioitoa busta na picha ikarudi.

8. Kusoma dalili

Katika analojia, mawimbi hafifu yalionekana: picha ilijaa chengachenga, lakini sura zilitambulika. Katika dijitali hakuna nusunusu. Picha huwa safi hadi kufikia kiwango fulani, kisha hukatikakatika kwa vipande vya mraba na mara ikapotea. Hivyo mtu huweza kuwa karibu sana na mafanikio bila kujua, akakata tamaa na kununua antena nyingine, ilhali kilichohitajika ni kuigeuza kidogo tu.

Kwa sababu hiyo usielekeze antena kwa kuitazama picha. Fungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Unaojalisha zaidi ni ule wa ubora. Mmoja abaki ndani akisoma, mwingine aigeuze antena taratibu, akisubiri sekunde chache baada ya kila hatua, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kujibu. Ukifika mahali ubora unapopanda kabisa, kaza nati.

Mfano wa basi hutusaidia sasa. Ikiwa kituo kimoja tu kimepotea na wenzake wanaosafiri nacho katika masafa yaleyale wapo, antena haina hatia; chanzo ni kituo chenyewe au malipo ya kifurushi. Ikiwa vituo kadhaa vimepotea kwa pamoja na vingine vimebaki, yaelekea vilivyopotea vinatumia masafa mamoja. Hapo chunguza uelekeo wa antena, au ufanye utafutaji mpya wa chaneli, kwa sababu masafa ya mnara huweza kuwa yamehamishwa. Ikiwa vyote vimepotea, anza na kebo na maungio yake. Na ikiwa majirani wote wamepotelewa pia, vumilia: tatizo liko mnarani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika karatasi namba za chaneli au masafa ya mnara wako, mkao wa antena na kiwango cha ubora siku picha ilipokuwa safi, ukaibandike nyuma ya televisheni. Siku ya hitilafu, karatasi hiyo itakuokolea gharama ya fundi.

9. Usalama wa uhai kwanza

Hakuna kipindi cha televisheni kinachostahili uhai wa mtu. Usisimike mlingoti karibu na nyaya za umeme. Umbali kati ya mlingoti na nyaya uzidi urefu wa mlingoti wenyewe, ili hata ukianguka usizifikie. Bomba la chuma likigusa waya wa umeme humuua aliyelishika kabla hajapata nafasi ya kuliachia. Usipande juu ya paa peke yako, wala baada ya mvua, wala upepo unapovuma.

Radi nayo isichukuliwe kwa wepesi, hususan kwa wakazi wa maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria, ambalo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na nondo iliyozamishwa ardhini. Hata hivyo, hilo halitoi kinga kamili. Wingu la mvua likikaribia, chomoa televisheni na king'amuzi kwenye umeme, na uchomoe kebo ya antena pia. Fanya hivyo mapema. Radi ikiwa imekwisha kuanza kupiga, usiiguse kebo hiyo. Watoto wafundishwe kanuni hii, maana mara nyingi ndio wanaobaki nyumbani wazazi wakiwa shambani au kazini.

Hitimisho

Ndugu msomaji, masafa ni mali ya wote. Yamegawiwa kwa makubaliano ya mataifa ili mwenye televisheni kubwa sebuleni na mwenye televisheni ndogo katika chumba kimoja wapate habari ileile. Kinachobaki kati ya mnara na macho yetu ni kipande cha chuma na maarifa kidogo ya kukitumia. Chukua rula, pima ulichonacho. Uliza mnara ulipo, chaneli zake na mkao wake. Tazama kilicho katikati. Ukiwa na majibu hayo ndipo uende dukani, ikiwa bado kuna haja ya kwenda. Na ukishafanikiwa, mtembelee mzee jirani ambaye televisheni yake imezimwa kwa miezi, ukamgeuzie antena.